Kejeli za Mavazi Kati ya London na Paris

Nashikilia kwamba michoro bora ya kejeli iliyochapwa London katika karne ya 18 ni ile iliyomcheka Mwingereza pamoja na Mfaransa, kwa kuwa ile iliyomlenga Mfaransa peke yake, hata ilipochorwa na fundi hodari, iliwazoesha watu kudharau taifa zima.

Mchoraji Mwingereza William Hogarth alikamatwa Calais, mji wa bandari wa Ufaransa, mwaka 1748 kwa kushukiwa kuwa mpelelezi, naye akalipiza kwa kuchora lango la mji huo: mtawa mnene anagusa pande la nyama ya ng'ombe, huku askari wa Kifaransa waliokonda wakilikodolea macho. Chuki ya mtu mmoja ikawa hukumu ya wote.

Katika miaka ya 1770, Matthew na Mary Darly waliuza katika mtaa wa Strand, London, michoro ya vijana walioitwa "makaroni", wenye mawigi marefu na makoti ya kubana. Vijana hao walikuwa Waingereza, tena wa nyumba za kitajiri, lakini lawama ilitupiwa Paris na Italia walikoiga mavazi yao, kana kwamba aliyelipa fedha hana hatia.

Kwangu mimi, kilele ni mchoro wa James Gillray wa Desemba 1792, ambao unawaweka Mfaransa na Mwingereza ubavu kwa ubavu. Kushoto, Mfaransa aliyevaa matambara anatafuna vitunguu vibichi mbele ya moto hafifu na kusifu uhuru wake. Kulia, Mwingereza mwenye kitambi, wigi kichwani, anakata nyama iliyojaa sahani huku akilalamika kwamba kodi zimemfanya mtumwa. Mwenye njaa amelewa maneno, aliyeshiba hana shukrani, na mavazi yao yanaeleza hayo kabla hujasoma neno lolote. Mwingereza aliyecheka upande mmoja alilazimika kujikuta kwenye upande wa pili, na huo ndio ujasiri ninaouheshimu.

Ujasiri huo haukudumu. Februari 1793 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Uingereza. Mwaka 1797 Gillray alianza kulipwa na serikali ya waziri mkuu William Pitt, na kufikia mwaka 1803 alikuwa akimchora Napoleon kama kibwana kifupi chenye kofia kubwa na buti zilizompwaya, ilhali kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa wanaume wa wakati wake.