Grupuni hakuna benchi

Huu ni mwaka wangu wa saba Dortmund, lakini moyo bado uko Kaptembwa, mtaa wetu mjini Nakuru, Kenya. Grupu letu la WhatsApp la mtaa lina watu wa Nakuru, Doha na huku Ujerumani, na mwezi uliopita nusura livunjike kwa ajili ya mchango wa mazishi. Mmoja aliuliza pesa za gari la kubeba mwili zilikwenda wapi. Mama mweka hazina akaona ameitwa mwizi. Kulipokucha, watu 11 walikuwa wameshatoka.

Mimi ni muuguzi. Kazini tulifundishwa njia ya Marshall Rosenberg, Mmarekani aliyeanza kuijenga miaka ya 1960: taja ulichokiona bila kuhukumu, sema unavyohisi, sema unachohitaji, kisha omba. Wodini imeniokoa mara nyingi. Nikaiandika grupuni kwa upole wote. Jibu la kwanza: "Dada, usituletee semina." La pili: "Kwani wewe uko upande wa nani?"

Hilo la pili halijanitoka kichwani. Grupuni, mpatanishi hana pa kusimama. Ni sauti nyingine tu katika kelele. Na watu wote wakitazama, nani atakubali kosa? Neno la hasira linabaki pale pale, linapigwa picha, kesho liko grupu jingine.

Huku Ujerumani, majirani wakigombania ua au matawi ya mti, katika jimbo letu mara nyingi lazima waanzie kwa msuluhishi wa mtaa kabla ya kwenda kortini. Si hakimu, ni mwananchi wa kujitolea aliyechaguliwa kwa miaka 5. Ukiitwa, unafika. Mpendane msipendane, mtakaa meza moja.

Nyumbani nako, baada ya vurugu za uchaguzi za Januari 2008, mama yangu na jirani yetu hawakusalimiana kwa wiki nyingi. Mapatano ya viongozi wa kisiasa yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari hayakuwafungua midomo. Bomba la maji ndilo lililowafungua: foleni ni moja, mitungi inagusana, na siku moja mama alimshikia yule jirani mtungi akijitwisha. Wazee walipowaita baadaye, njia ilikuwa imeshalainika. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize usuluhishi wa namna hiyo, na nakubaliana nayo kabisa.

Kwa hiyo sidhani tatizo ni mafundisho ya Rosenberg. Huku sheria inakushika, kule maji yanakushika. Grupuni hakuna kinachokushika: ukiudhika unabonyeza, umeondoka, na hutakutana na mtu yeyote bombani.

Ugomvi wetu uliishia sebuleni kwa mzee mmoja. Aliwaita wote wawili, akakusanya simu zao kwenye sinia, akaliweka juu ya kabati, ndipo chai ikamiminwa. Mama mweka hazina akafungua mkoba, akatoa risiti ya mafuta na ya dereva, akazinyoosha mezani kwa kiganja. Muulizaji akazisoma, akaomba msamaha. Grupuni hakuna aliyeiona saa hiyo.

Jana nimependekeza kwamba suala lolote la pesa liondolewe grupuni siku hiyo hiyo, lipelekwe kwa watu watatu watakaoonana uso kwa uso, au kwa simu ya video kwa sisi tulio mbali, na wengine tunyamaze mpaka wamalize. Hadi jioni hii wamejibu wanne. Mama mweka hazina ni mmoja wao.