Vyumba Tisa

Mimi sioni, na kompyuta naiendesha kwa vidole na masikio. Kipanya kilichokuja nayo kipo kabatini, hata rangi yake sijawahi kuuliza. Anayenisomea skrini ni NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye naye haoni. Sauti niliyomwekea ni ya Kizungu, ya kubana pua, na akikutana na neno kama "ng'ombe" analitafuna kama mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni. Mimi nimemzoea. Mke wangu bado.

Tangu Windows 10 itoke mwaka 2015, kompyuta moja inaweza kuwa na meza nyingi. Wataalamu wanaziita eneokazi pepe. Mimi niliyezaliwa na kukulia nyumba ya kupanga kule Temeke naziita vyumba. Ukibonyeza Windows, Control na D kwa pamoja, chumba kipya kinafunguka kitupu, hata mkeka hamna. Ukishika Windows na Control ukagonga mshale wa kulia au wa kushoto, unahamia chumba cha jirani. Anayeona anaweza kuishi bila hayo, maana yeye anatupa jicho tu akajua kipi kiko wapi. Mimi nikigonga Alt na Tab napitishwa dirisha moja baada ya jingine kama mgeni anayetambulishwa msibani. Ukigawa vyumba, Alt na Tab inataja waliomo chumbani humo tu. Raha!

Basi nikajipanga. Chumba cha kwanza kazi, yaani mahojiano ninayoyasikiliza na kuyaandika neno kwa neno. Cha pili vikao. Cha tatu starehe: soga, matokeo ya mpira, na taarabu. Nikamtambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Jambo moja sikulipa uzito. Kuta za vyumba hivi ni za makuti. Sauti inapita.

Jumatano saa tatu asubuhi kulikuwa na kikao cha mtandaoni. Ajenda ndefu, zamu yangu ya kutoa taarifa ilikuwa ya nane, vipokea sauti vya masikioni mwanangu alishavikata waya. Nikazima maiki, nikahamia chumba cha tatu, nikafungulia taarabu kwa chini. Ya mipasho, ile ambayo mwimbaji anamsimanga mtu mwenye roho mbaya, anamwahidi kuwa mwaka huu atakonda, na kinanda kinaitikia. Niseme pia kwamba wiki iliyotangulia mimi na bosi tulikuwa tumepishana kauli kuhusu posho, mbele za watu.

Wakaruka ajenda mbili. Nikasikia jina langu.

Nikarukia chumba cha pili, nikafungua maiki, nikasema, "Asante sana madam, habari za asubuhi." Papo hapo mwimbaji akafika kwenye kiitikio.

Sasa zingatia vidole. Kilichotakiwa ni kugonga mshale wa kulia mara moja, nizime wimbo, nirudi. Lakini mimi nina zoea la miaka: nikichanganyikiwa nabonyeza Windows na D, kila kitu kinajificha, naanza upya. Siku hiyo kidole kidogo kilikuwa bado kimelalia Control. Kwa hiyo sikuficha kitu. Nilijenga chumba.

Nikagonga Alt na Tab. Kimya. Windows za siku hizi zikiwa na NVDA mpya zinakutajia chumba unachoingia, lakini yangu ilikuwa ya zamani, ikakaa kama haipo. Nikajua sijabonyeza sawasawa. Nikarudia, Control ikiwa imekandamizwa vilevile. Na tena. Kila nikipapasa mlango wa kutokea nilikuwa natia tofali, napaua, nahamia.

Wazo la kurudi nyuma lilinijia, usidhani sikulipata. Niligonga mshale wa kushoto mara moja, nikatega sikio. Hakuna kitu. Kumbe nilitoka chumba cha tisa nikaingia cha nane, nacho kitupu vilevile. Nikahitimisha kwamba mshale umekufa.

Utaniuliza, si ungezima sauti ya kompyuta? NVDA naye anatokea spika hiyohiyo. Nikiizima nanyamazisha mipasho, na pia natoboa jicho pekee nililobakiwa nalo, huku kikao kiko hewani na maiki iko wazi.

Na huko kikaoni nawasikia vizuri kabisa.

"Kuna mtu ana muziki," alisema mmoja.

"Huo si muziki, huo ni ujumbe," akajibu wa idara ya fedha.

Bosi hakusema kitu. Aliyewahi kuajiriwa anaijua kimya ya namna hiyo.

Nikamwita mpwa wangu, kidato cha tatu, aliyekuwa sebuleni na simu. Nikamwita kwa sauti ya kawaida ya nyumbani kwetu, yaani ya kusikika mpaka uwani, nikisahau kuwa watu kumi na wawili wako nami. Akaja mbio.

"Mjomba, kompyuta yako imezima."

"Imezima vipi nayo inaimba?"

"Kioo cheusi tii. Hii imekufa, mjomba. Nishike kitufe cha kuwashia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka pazia. NVDA wana kitu cha kutia skrini giza, ili aliyekaa karibu nawe kwenye basi asikusomee barua zako. Mimi huwa naliacha limeshuka siku nzima, kwani skrini ina kazi gani kwangu? Kwa hiyo mle chumbani tulikuwa vipofu wawili, na mmojawapo macho yake ni mazima.

"Usiguse!" nikapiga kelele. (Kikaoni kuna aliyekuwa ameanza kusema neno, akanyamaza.) Nikabonyeza Insert, Control na Escape, pazia likapanda.

"Enhe, unaona nini?"

"Picha ya mlima."

"Na nini?"

"Na ziwa."

"Kijana, hatuko mbuga za wanyama! Dirisha lolote? Kikao? Wimbo?"

"Hamna mjomba. Mlima tu. Mzuri."

Nikagonga Windows na Tab, ile inayofunua vyumba vyote kwa pamoja. Mpwa akavuta pumzi.

"Yaani una kompyuta tisa humu ndani?"

"Tisa?"

"Kuna vipicha vimejipanga. Kimoja kina maandishi, kimoja kina watu." Akanyamaza kidogo. "Mjomba, wale watu wanacheka. Ila mama mmoja wa katikati hacheki."

"Cha tatu! Kina nini cha tatu?"

"Kina mwanamke kashika maiki, ana dhahabu hizo!"

"Ndiye huyo. Niingize kwake."

Akaburuta kidole kwenye kile kibao cha chini ya kibodi, akagonga. NVDA akataja jina la wimbo lote, herufi kwa herufi za Kizungu, kwa pua, na maiki ikalipeleka kikaoni kama tangazo la redioni. Nikagonga Control na W. Kimya kikashuka. Nikahamia chumba cha pili, safari hii kwa kidole kimoja kimoja, nagusa kile kinundu cha kwenye J kuhakikisha niko duniani.

"Samahani sana, madam."

"Usijali," bosi akasema, taratibu. "Taarifa ya kwanza tumeisikia yote. Sasa tupe ile ya kazi."

Nikaitoa. Sijui nilisema nini. Muhtasari wa kikao umeandika kuwa nilieleza vizuri.

Baadaye niliketi kubomoa. Windows, Control na F4 ndiyo inayofunga chumba, nami nilikuwa nikiiogopa miaka yote nikidhani inazika na vilivyomo. Kumbe haizimi kitu. Kilichokuwa chumbani kinahamishiwa cha jirani, kama mpangaji aliyeshindwa kodi akapokewa na shoga yake. Nikavunja sita mfululizo. Mpwa alisimama pembeni akihesabu kwa kurudi nyuma, akifurahi kupita kiasi.

Tulipofika cha tatu, ukuta wetu wa kweli, ule wa matofali, ukagongwa. Alikuwa mama mpangaji wa chumba cha pili.

"Jirani! Mbona umezima? Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kumtaja!"