Sikuchemsha ndege, jamani

Kwanza niweke wazi: sikuchemsha ndege. Ile picha inayozunguka kwenye magrupu tangu jana, nimejifunga kanga ya mama, mkononi mwiko, kwenye mwiko ndege, miguuni sufuria la ugali, ni picha ya kweli. Maelezo yake ndiyo uongo. Jamaa aliyeipiga (anajijua) kaandika "Leo kwa huyu bwana kuna mchuzi wa ndege", na hadi saa hii shangazi yangu wa Tanga keshauliza kama nyumbani kuna njaa.

Wadau wa modeli, hizi ndege ndogo za plastiki tunazounda na kupaka rangi, mnaelewa, wengine sogeeni. Sufuria lilikuwa na kazi yake. Kopo la sprei likiwa na baridi linatema matone makubwa, na uso unabaki na vipele. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, presha inapanda, rangi inakuwa nyepesi, inatoka ukungu mwororo. Uvuguvugu, narudia! Maji ambayo mkono unakaa bila kuungua, maana makopo yenyewe yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Ukiliweka jikoni moto unawaka, hilo ni bomu. Mwiko nao: mpini umefungwa kwa tepu ya karatasi tumboni mwa ndege ili vidole visiguse rangi. Kanga siitetei.

Ndege yenyewe ni Super VC10 ya East African Airways, kipimo cha 1/144, urefu kama sentimita 36, injini nne za Conway zimebanana mkiani. Usajili 5H-MMT. 5H ndiyo sisi Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, enzi zile nchi tatu zina shirika moja la ndege, kabla halijafa 1977. Ilikuwa ya mzee mmoja wa mtaani aliyefanya kazi uwanjani miaka hiyo, na mimi kwa mdomo wangu mrefu nilishamwahidi kuwa Jumapili ataipata.

Mabawa nilipiga kijivu cha laka, rangi ya tina inayokauka upesi. Laka nyeupe ikaniishia, basi mgongo nikaupiga enameli, rangi ya mafuta ile. Siku ya pili ikawa inashikika, nikabandika stika. Zikalala vizuri sana, kwa sababu chini palikuwa panang'aa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini yake na stika inazungukwa na weupe. Kikabaki klia tu, ule mkono wa mwisho usio na rangi wa kukinga. Nikachukua klia ya gari.

Naona mafundi mmeshashika vichwa. Tulieni, bado.

Jumamosi, masika haya, mvua ndiyo kwanza imekatika, ua mzima unanuka udongo. Nikapiga mkono wa kwanza, mwepesi, kopo mbali kama sentimita 20, naanza kupuliza hewani kabla ya pua na kuachia baada ya kupita mkia, kama inavyotakiwa. Ukatoka safi. Baada ya dakika moja mstari wa ubavuni ukaanza kupauka, kama umepuliziwa unga. Huo ni unyevu. Tina, kile kimiminika kinachoyeyusha rangi, inapokimbia inapoza uso wa modeli, hewa ya masika inatonesha maji pale pale, maji yananaswa ndani ya klia. Dawa yake naijua: kupuliza kidogo sana tina inayokauka polepole, ukungu wa klia ufunguke maji yatoke. Au kusubiri siku kavu. Tina hiyo sina, siku kavu haipo, Jumapili ni kesho. Nikaamua kuuyeyusha kwa klia ileile, mkono mzito.

Sasa twende taratibu.

Nikapiga. Mstari ukarudi rangi yake, ndege nzima ikang'aa hadi nikajiona. Kwa sekunde kumi hivi nilikuwa fundi bora kuliko wote Afrika Mashariki, nikapaza sauti, "Njooni muone!" Jamaa alikuwa getini. Nikaona unywele juu ya dirisha la rubani. Nikaupuliza. Haukutoka. Pembeni yake ukaja wa pili. Ule wa pili ukatembea, wadau, ukatembea mbele ya macho yangu kuelekea mkiani, na nyuma yake mgongo mzima ukajikunja kama utando wa maziwa ukiusukuma na kijiko. Stika nazo zikapanda na rangi. 5H ikakaa. M ya kwanza ikainama, M ya pili ikalala kabisa, T ikazama kwenye kunjo haikuonekana tena. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kulaza rangi kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kilipotoka kilitoka na M. Ikuzeni ile picha, mtaiona ipo kidoleni, safi kabisa, ukiacha 5H ndiyo herufi pekee iliyonusurika.

Hapo ndipo jamaa alipiga picha. Kisha akauliza, "Imeiva?"

Kisa ni hiki. Klia ya gari ina tina kali. Enameli yangu ilikauka juu tu. Tina ikapenya ndani, ikaivimbisha, na rangi ikivimba haina pa kwenda ila juu. Mkono mwepesi ulisalimika kwa kuwa tina yake ilikimbia kabla ya kuzama. Na mabawa? Klia ileile, mvua ileile, yametoka kioo, kwa sababu laka juu ya laka hazigombani. Enameli juu ya laka sawa. Laka juu ya enameli ni kamari hata ukingoja wiki kadhaa. Kwa enameli ngoja hadi ukiinusa kwa karibu isinuke kabisa, ndipo upige klia ya akriliki ya maji, mikono mitatu myembamba. Tena ujaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipiga rangi ileile. Vijiko ninavyo pakiti nzima, msiniulize.

Mengine ni haraka. Mabawa nimeyaziba kwa tepu, mgongo nimeupaka mafuta ya breki, nimeuacha usiku kucha, nikausugua kwa mswaki wa zamani nimevaa glavu, plastiki imerudi uchi. Msitumie tina ya gari kwa kazi hiyo, inakula plastiki yenyewe. Mzee nilimpigia kuomba radhi, akaanza kucheka kabla sijafika popote. Picha ilishamfikia.

Laka nyeupe nimenunua. Stika ndiyo shida: mwenye za ziada za 5H-MMT, 1/144, anitafute inbox. Nalipa leo leo, na bodaboda juu yangu.