Ni ya Ndani, Inapanda na Kushuka

Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, mimi ndiye kamusi. Nafundisha Kiingereza sekondari, basi barua ya benki, maelezo ya dawa ya kunguni, mpaka maandishi ya fulana ya mtumba ambayo mtu anaogopa kuivaa asije akawa amebeba matusi kifuani, yote huletwa kibarazani kwangu. Na miaka yote hiyo sijapata kumwambia mtu "sijui". Ndicho kilichoniponza.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi. Mpigaji namjua kwa mkongojo wake: mzee mwenye nyumba. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, nikafungua mlango na hadithi ya mshahara kuchelewa iko tayari mdomoni. Kumbe hakuja na daftari la kodi. Alikuja na la hospitali, lile la kurasa 40 unaloandika jina lako juu ya jalada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nisomee hapa. Na usinifiche."

Tumbo lilikuwa linamsumbua wiki nzima. Daktari kampapasa, kamsikiliza tumboni kwa kile chombo chao cha masikioni, kaandika, kisha kamwambia si kitu, nenda nyumbani. Hata panadol hakumpa.

"Mimi nina miaka 71, mwalimu. Daktari akikwambia si kitu, na dawa akakunyima, hapo amekwambia nini?"

Nikatazama. Mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu, lakini kwa bahati mbaya neno lilisomeka: Borborygmi. Mbele yake alama tatu: +++.

Neno sijapata kuliona tangu nizaliwe. Halafu zile alama! Kwetu kila mtu anajua malaria ya plasi moja unameza dawa unakwenda kazini, ya plasi tatu unabebwa. Simu haina bando. Kamusi ya shule nikaifunua, ikaniruka kutoka kemikali fulani moja kwa moja hadi mpaka wa nchi.

Ningesema sijui tu. Silabi tatu.

Nikakohoa. "Mzee, hii... ni ya ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

"Inapanda?"

"Inapanda na kushuka."

"Inaua?"

"Inategemea." Hapo shetani akanipitia, nikaongeza: "Kubwa zaidi, mwenye nayo asijisumbue na mambo ya fedha fedha. Kodi na nini. Yanaiamsha."

Mzee akalifunga daftari taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka. Roho iliniuma, naapa. Kidogo.

Hadi adhuhuri mtaa mzima unajua. Dukani ugonjwa uliitwa "boriboro". Kwa muuza mihogo ukawa "bomborigumi". Alasiri mtoto akanisimamisha njiani: "Ticha, eti babu bomba lake limegoma?" Kaka yake mzee akaingia kutoka Pangani na jogoo mkononi. Shangazi wawili wakatua kutoka Muheza wakiwa wamekwisha kulia garini.

Baada ya Isha nikaitwa. Ukumbi umefurika. Mzee kalala kwenye kitanda cha kamba, kanzu nyeupe, anataka kuusia. Na kabla ya wosia kuna madeni: anayodai na anayodaiwa, yote yasomwe mbele ya mashahidi. Nani asome? Mwalimu yupo.

Nikakabidhiwa daftari la kodi. Nikaanzia ukurasa wa pili.

"Mwalimu," akasema mzee kwa sauti ya mtu anayeaga, "anza mwanzo."

"Mpangaji wa chumba cha uani," nikasoma, "miezi miwili..."

"Sauti!" akafoka shangazi mmoja.

"...shilingi elfu themanini."

Watu wakageuka kunitazama. Kimya. Kiti kimoja kikalia.

Ndipo akaingia mpwa wake, binti anayesomea uuguzi, vumbi la basi bado miguuni. Hakusalimia wengi, akalichukua lile daftari la hospitali, akasoma, akaziba mdomo. Na katika ukimya ule ule, kutoka chini ya kanzu, kukatoka sauti: nguuurrr... bobobo... rrrgm.

"Mjomba," akasema, "hiyo ndiyo yenyewe."

Borborygmi ni kuunguruma kwa tumbo. Basi. Gesi na majimaji vikisukumwa utumboni vinapiga kelele, na hata ukiwa na njaa utumbo hujifagia wenyewe kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili, ukapiga kelele vilevile. Neno ni la Kigiriki. Wagiriki waliiga mlio, kama sisi tulivyoiita pikipiki, na madaktari wa Kiingereza wakalichukua hivyo hivyo. Zile alama tatu maana yake lilikuwa linaunguruma sana.

"Jana usiku ulikula nini, mjomba?"

"Maharage ya nazi."

"Na juzi?"

"Maharage ya nazi."

Mke wa mzee akatazama dari.

"Sasa nani kawaambia inaua?"

Hata tumbo lilinyamaza. Nikajitetea kwamba mimi nilisema inategemea, na binti, Mungu ambariki, akakubali: kelele hizo zikija na maumivu makali na kutapika, utumbo huenda umeziba, hapo ni hatari. Tena ni kweli ni ya ndani. Tena kweli inapanda na kushuka. Nikaanza kuinua kichwa.

"Na ile ya kodi kuiamsha?" akauliza mzee, akiwa sasa ameketi wima.

Jogoo tulimla usiku ule ule, mimi nikapewa shingo. Jumatatu nikakopa kwa mwalimu mwenzangu, nikalipa elfu themanini yote. Mwezi uliofuata mzee akaja na habari kwamba kodi sasa ni elfu hamsini.

"Mzee, mbona imepanda?"

"Hii, mwalimu, inapanda na kushuka."

"Na kushuka itashuka lini?"

Akauegemea mkongojo wake, akakohoa.

"Inategemea."