Mrejesho Usiohesabiwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi wa utafiti, kazi yangu ikiwa kubeba madodoso na kuwajazia wasiojua kusoma. Katika kijiji kimoja, mzee tuliyeketi naye barazani alijibu maswali yote kwa subira, kisha akauliza: “Mjukuu wangu, yale majibu tuliyowapa wenzenu waliotangulia yaliishia wapi?” Nilimwahidi kwamba safari hii tungeleta mrejesho. Hatukurudi. Mkuu wa utafiti ule, mhadhiri wa sosholojia ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa akihangaikia makala mbili zilizobaki ili awe profesa mshiriki, na fedha za kurudi kijijini hazikuwamo katika bajeti tangu mwanzo.

Simlaumu sana. Katika vyuo vikuu vyetu mwanataaluma hupandishwa cheo zaidi kwa uzito wa machapisho yake. Miezi sita aliyokaa na wavuvi au wafugaji, akijifunza wanavyoyaita na kuyapima mambo yao, huonekana kwenye faili lake pale tu inapozaa makala, nayo makala huandikwa kwa Kiingereza ambacho wenyeji wake hawatakisoma.

Kinachoniuma ni kwamba utafiti shirikishi, ambao leo vyuo vya Ulaya na Amerika vinaufundisha kama somo, ulilelewa kwa sehemu kubwa hapa Tanzania. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika mwaka 1952 akiwa mwalimu, aliishi Bunju miongoni mwa Wazaramo kati ya 1965 na 1970. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwatuma wanafunzi wa Kitanzania vijijini wakachunguze matatizo pamoja na wanakijiji, si juu yao, na kuanzia 1975 mradi wa Jipemoyo ukaendeleza njia hiyo magharibi mwa Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Budd Hall, Mmarekani ambaye naye aliikuza njia hiyo, alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Baadaye Swantz aliongoza taasisi ya taaluma za maendeleo Chuo Kikuu cha Helsinki, na Hall akawa profesa Kanada. Vijiji vyetu, basi, viliwajengea wageni taaluma iliyoheshimika. Mtanzania anayefuata njia hiyo hiyo leo huambiwa na wenzake kwamba anapoteza muda.

Anayetaka kuishi vizuri hukimbilia kazi za ushauri elekezi, ambako mfadhili huja na swali lililokwisha kupangwa na mwanakijiji hulipwa soda. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, alilalamikia tabia hiyo akiwa Chuo Kikuu cha Makerere, na sidhani kama alitia chumvi.

Nimesikia hoja kwamba kazi ya kijijini haipimiki, kwa hiyo haiwezi kupewa pointi. Siikubali. Mtafiti hawezi kuanza kazi bila barua yake kugongwa muhuri na mtendaji wa kijiji. Kamati ya kupandisha vyeo ingeweza kudai muhuri wa pili: kwamba matokeo yalisomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, yakiambatana na muhtasari wa yale ambayo wanakijiji waliyapinga. Mimi ningeanza kuusoma muhtasari huo kabla ya kufungua makala yenyewe.