Maziwa ya mafundi wa rangi inatoa dilian kweli?

Hapa Lubumbashi ukipita garaje za Katuba wanakopiga magari rangi, saa sita utaona sashe za maziwa ya unga juu ya kapo (boneti). Patro, mwenye garaje, ndiye analipa, fundi anakunywa juu anaamini inaosha mwilini ile dilian, yale maji makali ya kuchanganyia rangi. Kaka yangu mkubwa anatumika kazi hiyo, na tumebishana mpaka mama akatufukuza mezani.

Mimi nasema hivi. Dilian nyingi iko na tolueni na zileni, kemikali za kuyeyusha rangi, na mvuke wake hauendi tumboni, unaenda mapafuni, na pale karibu nusu ya tolueni unayovuta inabaki na kuingia damuni, zileni ni zaidi, kama asilimia 60. Fundi anayesugua gari anahema mara tatu ao nne kuliko patro aliyeketi kwa kiti, basi anabeba zaidi hata kama wote wako chumba kimoja. Toka damuni inakimbilia ubongo, ndiyo kile kizunguzungu, na inajificha kwa mafuta ya mwili. Maziwa yenyewe iko tumboni tu, inameng'enywa kama chakula chochote.

Kaka anajibu: "Mudogo, mwili unajisafisha, maziwa inausaidia tu." Nusu ya kwanza iko sawa kabisa. Tolueni kidogo, inaweza kufika moja ya tano, inarudi kwa pumzi vile ilivyoingia, na ile nyingi ini inaibadilisha, mwisho inakuwa asidi hipuriki, figo zinaitoa kwa mkojo ndani ya masaa machache.

Lakini ile ya kwenye mafuta inatoka polepole, siku kadhaa, na kesho asubuhi anaongeza ingine juu yake. Tena kuna dilian na gundi zenye heksani, kemikali ingine ya kuyeyusha, hiyo ini yenyewe ndiyo inaigeuza kuwa kitu kinachokula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, sasa hapo hata ikitoka yote wewe bado umebaki na ganzi. Halafu bia ya jioni: pombe na tolueni zinangojea ini moja, pombe inapita mbele, tolueni inakawia damuni. Hapo kaka alinyamaza.

Ila pointi moja alinishinda. Anasema siku ya maziwa kichwa hakimuumi, na namwamini, juu ili wanywe wanatoka nje, wanaketi chini ya mwembe dakika 15 hivi, na mapafu yanarudisha mvuke kidogo kidogo. Mwezi wa sita kwenye baridi na upepo mlango unafungwa ili vumbi isinate kwa rangi mbichi, basi ile ndiyo hewa yao pekee. Chai ingefanya kazi ileile. Lakini siwezi kumwambia patro akate maziwa, atakata na mapumziko. Na zile kashne (barakoa) za kitambaa zinashika vumbi tu, mvuke unapita, unahitaji ile yenye chujio la makaa, nalo linachoka, linabadilishwa, patro anasema bei kali.

Juzi nilimkuta kaka na kikombe cha chai, mlango wazi kabisa, vumbi imenata kwa mlango wa gari ya mteja, na patro anapiga makelele.