Andikeni Jina Chini ya Picha

Wiki moja kabla ya Pasaka nilikuwa natafuta picha ya Maria Magdalena akikutana na Yesu bustanini, asubuhi ile ya ufufuko, niwaonyeshe watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani kwetu. Nilipotafuta mtandaoni kwa Kiswahili nililetewa mabango ya kwaya na video za mapambio. Kwa Kiingereza nikapata akina Maria wa kila aina. Mpaka nilipokumbuka kwamba wachoraji wa Ulaya waliizoea picha hiyo kwa jina la Kilatini, Noli me tangere, ndipo zikamiminika: Fra Angelico, Titian, Correggio. Na maneno hayo ni yaleyale tunayoyasoma kila mwaka katika Yohana 20:17, "Usinishike."

Mtoto wa kipaimara anaijua "Usinishike". Noli me tangere ataijulia wapi?

Sizilaumu maktaba za picha za mtandaoni, nazipenda mno. Ninayoitumia zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Nashville, Marekani, iitwayo Art in the Christian Tradition. Walioipanga walifikiri kama watu wa kanisani, maana unaweza kutafuta kwa kifungu cha Biblia, au kwa masomo ya Jumapili fulani. Mkatekista mwenye simu na bando dogo anaweza kuandaa somo zima Jumamosi usiku.

Humo ndimo nilimokutana na picha za Jesus Mafa, kutoka kaskazini mwa Kamerun. Katika miaka ya 1970 Wakristo wa Kimafa, kabila la huko, walichukua masomo ya Injili wakayaigiza wenyewe. Maigizo yakapigwa picha, na picha hizo zikawa msingi wa michoro ya rangi. Yesu ni mtu mweusi mwenye vazi jekundu, na nyumba ni za msonge, zimeezekwa nyasi. Nilipoonyesha ile ya kuzaliwa kwake, binti mmoja alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa simu, akauliza, "Mwalimu, hapa ni kwa kina bibi?" Sikuwa na haraka ya kumjibu. Nilimwacha aendelee kutazama.

Picha hizo zilinifikia kwa sababu kuna mtu aliketi akaandika chini ya kila moja: tukio gani, kifungu gani, jamii gani, nchi gani, na kwamba inaruhusiwa kutumika isipokuwa kwa biashara. Kazi hiyo ina historia ndefu. Huko Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walianza kuorodhesha picha za Kikristo za zama za kati mwaka 1917, kwa kadi za karatasi. Waholanzi nao wana Iconclass, mfumo unaoipa kila mada namba yake. Karamu ya Mwisho ni 73D24, Kusulubiwa ni 73D6. Namba haina kabila. Pembeni yake mtu anaweza kuandika Kijerumani au Kifaransa, na hakuna kinachozuia kuandika Kiswahili, ila hatujaandika.

Na si kwamba hatuna cha kuorodhesha. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora ukutani picha tano kubwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo Yesu anazaliwa, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anasali Gethsemane na kusulubiwa katika nchi ya Wagikuyu. Hiyo inajulikana. Je, zile ambazo hazijulikani? Kanisa nililobatizwa lilikuwa na malaika wawili nyuma ya altare, wamechorwa na fundi wa palepale kijijini. Ukaja ukarabati, ukuta ukapakwa rangi ya krimu. Leo nikitaka kukuonyesha malaika wale sina hata picha moja.

Kwa hiyo naziomba parokia na sharika: kabla ya fundi rangi kuingia, piga picha. Andika kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo waumini wanayatumia kweli. Taja fundi, mwaka, aina ya mti au rangi, na umwombe fundi ridhaa kama yu hai. Wikimedia Commons, hazina huria ya picha mtandaoni, inapokea maelezo ya Kiswahili, nimejaribu mwenyewe. Na padre mwenye daftari la ubatizo lililotunzwa tangu enzi za wamisionari hawezi kuniambia kuorodhesha ni kazi ngumu.

Jumapili iliyopita baada ya misa ya pili nilianza na Njia ya Msalaba ya kwetu, vituo 14 vya mpingo. Nilipofika cha sita, Veronika anapangusa uso wa Yesu, nikaona kitambaa kimechongwa chembamba hadi mwanga unakaribia kupenya. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekaa benchi la nyuma. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamjua aliyechonga.

"Alitoka Newala," akasema. "Alilala kwetu miezi minne. Lete kalamu, mwanangu, nikutajie jina lake."

Nikaandika.